Kanda ya Mjomba

Leicester, Uingereza

Mjomba,

Ujumbe wako wa sauti niliufungua ndani ya basi nikasahau kuvaa vipokea sauti. Abiria wote wakakusikia ukiagiza "kimashine cha kurekodi mpira, kama ile deki yetu, ila cha kisasa." Nilicheka, kisha nikazunguka madukani wiki nzima. Mjomba, hicho kitu hakipo. Vipo vingine vingi, kila kimoja na kasoro yake.

Deki ya video unaijua. Kanda ya E-180 ilibeba saa tatu, na ukipunguza kasi saa sita, kwa picha za chengachenga. Uking'oa kile kibanzi cha plastiki cha mgongoni, hakuna wa kuifuta. Ukibadili mawazo unaziba tundu kwa selotepu. Halafu huku na huko wote tulitumia mfumo wa PAL, ndiyo maana kanda nilizokuletea zilicheza huko Tanga bila maneno, na zile za shemeji wa Marekani, za mfumo wa NTSC, zilitoa picha nyeusi na nyeupe zinazopanda juu kama mtu anavuta pazia.

Ila deki haikuwa na akili. Tarehe 25 Mei 2005, fainali ya Ulaya, Liverpool na Milan kule Istanbul, nilikuwa zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee. Mechi ilianza saa mbili kasorobo. Nikaitegesha deki izime saa nne kamili, nikijiona nimeacha nafasi ya kutosha. Asubuhi narudi nimeziba masikio nisisikie matokeo, nafika mlangoni, jirani ananipokea na wimbo. Nikakaa nikatazama hivyo hivyo: tatu bila, tatu mbili, tatu tatu, muda wa nyongeza, halafu picha ikakatika. Sikumwona Dudek, kipa wa Liverpool, akimzuia Shevchenko wa Milan mara mbili. Matuta yote sikuyaona. Na kanda hiyo hiyo ndiyo niliyokuletea, ukaniita mhuni mpaka leo.

Deki ilipochoka nikanunua kisanduku cha diski, cha chaneli za bure za Freeview. Hapo nilidhani nimefika peponi. Hakuna kanda, hakuna kutegesha saa: unabonyeza jina la kipindi kwenye ratiba, basi. Tamthilia inarekodiwa yenyewe kila wiki, chaneli mbili kwa mpigo, na simu ikiita unaisimamisha mechi iliyo hewani, unaongea, unarudi ulipoachia. Mpira ukichelewa kuisha, mara nyingi nacho kinasubiri.

Siku moja habari za mkoa zikaonyesha kwaya ya shule ya binti yangu. Dakika mbili tu, yeye mstari wa mbele, soksi moja imeshuka. Niliirekodi, na kila mgeni aliyekuja kunywa chai alitazama. Mwaka wa nne kisanduku kikagoma kuwaka. Nikafungua skrubu, nikachomoa diski, nikaipeleka kwa fundi wa kompyuta. Kompyuta ikauliza kama tunataka kuisafisha ianze upya. Fundi akasema vipindi vimo, lakini vimefungwa kwa ufunguo uliokuwa ndani ya kile kisanduku, na kisanduku ndicho kimekufa. Kwa hiyo ile soksi imo ndani ya droo yangu ya jikoni, na sitaiona tena.

Runinga nyingi siku hizi zina tundu la kuchomeka flashi ukarekodi humo, lakini ni yale yale. Flashi hiyo ukiichomeka kwenye runinga ya chumba cha pili, inageuka mgeni.

Vijana wanasema nani anarekodi tena, vipindi vyote vimo kwenye intaneti. Kweli, BBC iPlayer inakupa mpaka nafasi ya kupakua. Ila ulichopakua kinafutika chenyewe baada ya siku thelathini, au mapema zaidi kipindi kikiondolewa. Mimi hiyo naiita azima.

Anayenipendeza ni mwanangu. Ameunganisha antena ya juu ya paa na kidude kidogo, kidude na kompyuta ya zamani, akaweka programu ya bure iitwayo Jellyfin. Kipindi kinaingia kama faili la kawaida, unalihamisha unakotaka. Saa moja ya picha safi inakula gigabaiti mbili tatu. Tatizo ni yeye mwenyewe: akienda chuoni kitu kikakwama, nyumba nzima tunampigia simu kama fundi wa bomba.

Na kabla hujaniuliza: sheria ya hapa ya mwaka 1988 inaruhusu kurekodi nyumbani ili utazame baadaye kwa nafasi yako. Kupakia kanda kwenye begi la mtu anayekwenda Tanga haikutaja, na mimi sitaji. Kibali cha runinga tunalipia kila mwaka, pauni 174.50 mwaka 2025, na hata kurekodi tu matangazo ya moja kwa moja kunakidai.

Sasa kisanduku cha huku nikikuletea kitakufaa nini? Kadi yenu ya malipo hakiijui. Waulize wanaokuuzia king'amuzi chako kama wana kinachorekodi, nami nitatuma pesa. Lakini jua kwamba utakachorekodi humo huenda kisitoke humo.

Swali langu ni moja. Ile deki ya sebuleni bado inameza kanda? Kampuni ya mwisho iliyojulikana kutengeneza deki, ya Japani, iliacha mwaka 2016, kwa hiyo usimpe fundi aitoe vipuri, na kanda ya Istanbul usimwazime mtu. Shangazi ananiambia kila picha inapokatika unasimama mbele ya runinga ukatangaza matuta kwa mdomo, mpigaji mmoja baada ya mwingine, na kwamba kila mwaka Dudek anaokoa mengi zaidi. Nakuja Desemba. Niachie kiti cha mbele.

Wako mpwao