Mali Bila Daftari

Ndugu msomaji, wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo nimewafundisha watoto wa watu kwa miaka mingi. Leo nakuletea kisa cha mwalimu aliyeshindwa na methali yake mwenyewe, na mwalimu huyo ni mimi.

Utakumbuka kuwa katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 makarani walitumia vishikwambi badala ya madodoso ya karatasi. Kazi ilipokwisha, Serikali ilivigawa vyombo hivyo kwa walimu viwasaidie kufundisha. Shuleni kwetu dhamana ya kuvitunza nilipewa mimi. Nikafungua daftari, nikaandika jina la kila mwalimu, naye akatia sahihi. Nikadhani kazi imekwisha; kumbe ndiyo kwanza inaanza.

Baada ya miezi kadhaa mwalimu mmoja, binti wa umri wa mwanangu wa kwanza, alipata uhamisho. Siku ya kuondoka alinikabidhi kishikwambi chake, nikakifungia kabatini. Sikuandika neno, naye hakudai hati, tuliaminiana. Wiki ya pili mwenzetu aliyeharibikiwa na chake akaniomba, nikampa. Hapo pia sikuandika.

Wakaguzi walipokuja, kimoja kilipungua. Yule mwenzetu alionyesha kishikwambi kimoja, akasema ndicho chake. Nami, kwa kuwa sikuwa na maandishi, niliogopa nisije nikalipishwa, nikanyamaza. Basi binti wa watu akaandikiwa barua akirudishe, la sivyo akatwe mshahara.

Alikuja siku ya Jumamosi, mtoto mgongoni, baada ya safari ya basi ya kutwa nzima. Hakunifokea. Alinipa shikamoo kama zamani, kisha akauliza, "Mwalimu, si nilikukabidhi mkononi mwako?" Ndugu msomaji, ile marahaba ilinikwama kooni.

Usiku nilimweleza mke wangu, ambaye huuza maandazi barazani. Akanitazama, akasema, "Baba watoto, mimi nikimkopesha jirani andazi moja, naandika. Wewe umepewa mali ya umma, unaweka moyoni?"

Jumatatu nilikwenda kwa Mwalimu Mkuu nikakiri yote. Tukaitoa hati ya mapokezi, ambamo kila kishikwambi kimeandikwa kwa namba yake. Chombo chochote kinachotumia laini ya simu kina namba ya utambulisho yenye tarakimu 15, isiyofanana na ya kingine. Tukalinganisha: kile alichokuwa nacho mwenzetu kilikuwa cha yule binti! Chake mwenyewe kilikuwa kingali kwa fundi, kwa kuwa alikosa fedha za matengenezo akaona haya kusema. Nilichangia nusu ya gharama, na barua ya kumsafisha binti yule niliiandika kwa mkono wangu.

Tangu siku hiyo daftari letu lina namba ya kila chombo, hali yake, jina la aliye nacho, na sahihi mbili: ya anayetoa na ya anayepokea. Kikienda kwa fundi, huandikwa; kikirudi, huandikwa. Mwalimu akihama, haondoki bila nakala ya hati ya makabidhiano. Kila muhula ukifungwa tunavihesabu kwa kusoma namba, wala si kwa kuhesabu vichwa tu, kwani vyombo hivi hufanana kama mayai. Kilichokufa kabisa hakitupwi kimyakimya. Hutolewa taarifa ili kifutwe kwa utaratibu.

Pengine wewe si mwalimu, bali u mfanyakazi wa kiwandani, bandarini au ofisini. Hata hivyo mikononi mwako mna kitu cha watu wengi: spana, ufunguo wa gari, kompyuta, au fedha za chama cha kufa na kuzikana. Ibara ya 27 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inampa kila mmoja wetu wajibu wa kulinda mali ya umma. Zamani niliona kumwandikisha mwenzangu ni kumtilia shaka. Sasa najua kwamba sahihi ile humlinda mwaminifu siku ambayo mwenziwe ataogopa kusema kweli.

Yule binti bado hunipigia simu sikukuu zikifika. Hunipa shikamoo, nami huitikia marahaba. Lakini kila mara nakumbuka ile ya Jumamosi.