Ketamini ina kelele, gesi ni kimya

Natoa nusukaputi katika hospitali ya wilaya. Ndugu wa mgonjwa wakisikia ketamini wanashtuka, maana wamewahi kuona mtu akizinduka nayo huku anapiga makelele. Gesi ya kucheka haiwatishi. Sisi tunaokaa upande wa kichwa cha mgonjwa tunaogopa kinyume chake.

Ketamini ni sindano. Miligramu 1 hadi 2 kwa kila kilo, polepole mshipani, na muda si muda mgonjwa yupo hayupo: macho wazi yanachezacheza, kisu hakisikii. Kwa kawaida anaendelea kupumua mwenyewe, na presha hupanda badala ya kushuka. Umeme ukikatika, usingizi hauvunjiki. Kasheshe ni kuzinduka. Mama mmoja tuliyembadilishia bandeji za majeraha ya moto alining'ang'ania mkono, akasema amejiona kutoka darini na hajui atashukaje. Nje, ndugu walishaanza kumwombea wakidhani amepandisha mashetani. Diazepamu kidogo, chumba tulivu na mtu wa kumsemesha taratibu husaidia sana. Mate nayo hujaa. Koo la mtoto likijibana, una sekunde chache tu. Na mjamzito mwenye presha ya juu simpi.

Gesi, yaani naitrasi oksaidi, peke yake haitoshi kumlaza mtu kwa upasuaji. Inasaidia dawa nyingine, na lazima iende na oksijeni. Mtungini imo kama kimiminika, kwa hiyo geji inaganda palepale hadi karibu na mwisho, kisha inaporomoka. Geji ya oksijeni hushuka pole pole, ila usiku anayeitazama ni yule yule anayemtazama mgonjwa. Mashine yetu ya zamani haikuwa na kifaa cha kuifunga gesi oksijeni inapokwisha. Oksijeni ikaisha, gesi ikaendelea. Mgonjwa hakutikisika hata kidogo. Midomo ilibadilika rangi, namba ya oksijeni kwenye kipimo cha kidoleni ikawa inashuka. Nilifunga koki, nikampumulisha kwa mfuko wa mkono mpaka rangi ikarudi.

Wanaozitumia dawa hizi mbili mitaani kujistarehesha wanaumia kwingine. Ketamini ya kila siku inaharibu kibofu; gesi inaua kazi ya vitamini B12 mpaka miguu inakufa ganzi.

Hospitalini, hata upasuaji ukiisha, gesi inapotoka mwilini hujaa mapafuni na kuisukuma oksijeni. Ndiyo maana mgonjwa apewe oksijeni tupu kwa dakika kadhaa. Mitungi ikipungua, dakika hizo ndizo zinazokatwa kwanza.