Ngurumo Ngeni Las Vegas

Mei 1997 nilikuwa kibarua wa maegesho katika uwanja wa Sam Boyd, Las Vegas. Malipo hayafai hata kutajwa, ila magari yakishajaa msimamizi alituacha tuingie kutazama mbio za pikipiki. Mimi nimekulia kwenye gereji ya mjomba, Majengo, Mombasa, nikifungua injini za mipigo miwili, kwa hiyo kabla sijaona kitu nilishasikia harufu: petroli iliyochanganywa na oili.

Pikipiki zote zililia kwa sauti ile kali, nyembamba, niliyoizoea. Moja tu iliunguruma. Ilikuwa YZM400F ya Yamaha, ya majaribio, mipigo minne, na aliyeipanda alikuwa Doug Henry, ambaye miaka miwili nyuma alianguka kwenye njia ya mbio ya Budds Creek akavunjika mgongo. Tangu 1986 kanuni za Marekani zilitaka mashine za mbio zitokane na zile zinazouzwa dukani. Hii ilipewa ruhusa ya pekee. Kijana niliyefanya naye kazi akaicheka: “Trekta hilo!”

Mimi macho yangu yalikuwa kwenye gurudumu la nyuma. Injini ya mipigo miwili huwaka kila kranki inapozunguka mara moja, na ni nyepesi, lakini nguvu yake hulala chini kisha huamka ghafla. Anayeipanda hana raha. Klachi haimtoki vidoleni. Udongo ule ulikuwa mkavu, mgumu. Wengine walipokoleza mafuta wakitoka kwenye kona, tairi zilizunguka bure, pikipiki zikapepesuka. Ya Henry ilishika chini, ikavuta tangu mwanzo wa mwendo, gia ya juu, bila papara. Akashinda. Ubingwa wa mwaka ule ulikuwa wa Jeff Emig, lakini usiku ule hakuna aliyemzungumzia.

Wengi husema mipigo miwili ilizidiwa ufundi. Sikubali. Kanuni ziliruhusu mipigo minne kufika cc 550 dhidi ya cc 250 za mipigo miwili. Injini inayowaka mara moja katika mizunguko miwili ilihitaji kuongezewa ujazo, nami sina ugomvi na hilo. Enzi zile pikipiki za mipigo minne zilikuwa nzito mno. Lakini Yamaha walikuja na valvu 5 katika silinda moja, na nafuu iliyotolewa kwa huruma ikabaki vilevile. Mwaka 1998 YZ400F ikaingia madukani, Henry akatwaa nayo ubingwa wa taifa wa daraja la 250. Mwaka 2002 Honda wakaleta CRF450R, nayo ya mipigo minne, na 2004 Ricky Carmichael akaipanda akashinda mbio zote 24 za msimu wa nje ya viwanja. Hapo mjadala ukafungwa, angalau kwa wanaolipwa kukimbia.

Kwa anayejilipia mwenyewe haujafungwa. Pistoni ya mipigo miwili naibadilisha mchana mmoja, kwa spana chache na gasketi mpya. Valvu ikikatika kwenye ya mipigo minne inaweza kuondoka na pistoni, silinda na hedi. Baba mmoja aliyeniletea ya mwanawe katika hali hiyo aliuliza bei ya vipuri, kisha akaniuliza ninamjua nani anayeuza YZ250 ya mipigo miwili iliyotumika. Nilimwambia hata mpya zipo. Yamaha hawajaacha kuziunda.