Mapango ya Mafuvu Karibu na Wundanyi

Atokaye Voi hupita Mwatate, kisha hupanda milima mpaka Wundanyi. Huko, katika mapango ya mawe, yamo mafuvu ya wazee wa Kitaita wa zamani. Mzee alipokufa alizikwa; baada ya muda kaburi lilifukuliwa, fuvu likatolewa na kuwekwa pangoni pamoja na mafuvu ya jamaa zake. Ukame au maradhi yalipozidi, watu walikwenda pale kuomba. Desturi ya kufukua ilikoma Ukristo ulipoenea. Mapangoni hamna kabati la kioo kama katika jumba la makumbusho. Ulinzi mkubwa ni heshima. Basi mgeni na aombe ruhusa kwa wazee, atazame, wala asiguse, maana wajukuu wa marehemu hao wangali wanalima mashamba ya milima hiyo.