Usiache Nyumba Yako Ikingoja Meli



Shule zimefungwa. Hapa Lukenya ukisimama kando ya barabara ya Mombasa utayaona magari yakiteremka na mizigo juu, watoto wakichungulia madirishani. Miaka kumi na minne niliyatazama magari hayo kila Desemba na kusema moyoni, "Hao ni watu wa likizo. Sisi ni watu wa huduma." Hata madhabahuni nimewahi kuwaambia kwamba shetani haendi likizo, kwa hiyo na sisi tusiende. Mkaitikia Amina.

Leo naomba mnirudishie ile Amina. Sikuwafundisha vyema.

Mwaka juzi, shule zilipofungwa, mke wangu aliniambia neno moja tu: "Pasta, watoto hawajaona bahari." Hata nyumbani huniita Pasta. Tukakubaliana. Kila Jumapili jioni tuliweka shilingi 500 ndani ya kopo, na ilipofika Desemba ya mwaka jana tukahesabu 25,000. Hatukugusa mkopo wa simu. Shemeji akatuazima gari, na kanisa moja kule Mombasa likatupa nafasi katika nyumba yao ya wageni.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Konza, Emali, Makindu, Mtito Andei. Kabla ya Voi watoto walipiga kelele: ndovu! Ndovu wa Tsavo huonekana wekundu kwa sababu hujirushia udongo wa pale, na udongo wenyewe ni mwekundu. Wote walishangilia isipokuwa mimi. Mke wangu ndiye aliyekuwa akiendesha, na mimi nilikuwa kwenye simu. Nilipoinua macho, ndovu walikuwa nyuma yetu.

Siku ya pili tukaenda Fort Jesus. Mpendwa, kama hujafika, nenda. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na wakaipa jina la Bwana wetu. Wakati wa Waingereza ilikuwa jela, na leo ni makumbusho. Kijana aliyetutembeza alitueleza habari za mwaka 1696, pale Waomani walipoizingira. Mzingiro ule ulidumu karibu miaka mitatu. Njaa na magonjwa viliwamaliza watu ndani ya kuta, huku macho yao yakiwa baharini wakingoja meli za msaada kutoka Goa. Ngome ilianguka Desemba 1698. Meli za msaada zilitokea siku chache baadaye.

Sehemu kubwa ya maelezo hayo sikuyasikia, nilisimuliwa baadaye. Nilikuwa nimesimama pembeni chini ya mti, simu sikioni. Na zile simu zilikuwa za kweli, nisiwadanganye. Mmoja alikuwa na mgonjwa, mwingine ndoa yake ilikuwa inatikisika. Nilikuwa nikiomba na watu.

Mke wangu akaja, akasubiri nimalize. Kisha akaniambia polepole, watoto wasisikie: "Pasta, umesikia hadithi ya hawa watu? Walikuwa wanangoja meli. Na sisi pia tunangoja meli."

Hakusema lingine. Akarudi kwa watoto.

Nilikaa juu ya ukuta nikaitazama bahari. Nina cheti cha chuo cha Biblia, nimehubiri juu ya ndoa mara nyingi, lakini siku hiyo sikuwa na mstari wa kujitetea. Jina la Yesu liliandikwa kwenye ngome ile, na ndani watu walikufa njaa. Kwenye mlango wa nyumba yangu pia tumebandika jina la Yesu. Nje jina, ndani njaa. Nilikuwa nimepeleka meli kila bandari isipokuwa ya nyumbani kwangu.

Nikampigia mzee wa kanisa nikamwomba ashike kazi kwa siku nne. Akacheka: "Pasta, tumengoja miaka mingi utuachie." Nikazima simu.

Jioni ile tulikwenda Mama Ngina, pale wauzaji wa mihogo na madafu wanapokaa wakitazama lango la bahari. Tukala mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili. Binti yetu, aliye shule ya sekondari, akaniambia kama mzaha kwamba aliwahi kufikiria kuandikisha jina lake kwenye orodha ya ushauri ya kanisa, ili apate nusu saa na mimi kama washirika wengine. Wadogo zake wakacheka. Mimi sikucheka. Nikamwuliza angesema nini katika ile nusu saa. Tukaongea hadi taa za meli zikaanza kuonekana baharini.

Tuliporudi tulilala Mtito Andei, na asubuhi tukaingia Tsavo Magharibi. Malipo ni kwa eCitizen, kwa hiyo jiandae kabla hujafika langoni. Gari letu dogo lilitufikisha Mzima kwa taabu, lakini lilifika.

Sikia ajabu ya Mzima. Pande zote ni nchi kavu, vumbi na miti ya miiba. Halafu ghafla maji safi, mengi, yanatoka chini ya mwamba. Viboko wamo, na kuna chumba kilichojengwa ndani ya maji ambacho ukiteremka unawaona samaki kupitia kioo. Mvua hunyesha juu ya vilima vya Chyulu. Vilima vile havina mto wa kudumu, kwa sababu mwamba wake ni wa volkeno na una vitundu. Maji huzama, huchujwa, husafiri chini ya ardhi mahali pasipoonekana na mtu, kisha hutokea Mzima. Mengine huchukuliwa kwa bomba mpaka Mombasa. Upande ule ule wa Chyulu kuna mawe meusi ya volkeno ambayo watu waliyaita Shetani, kwa kuogopa moto uliotoka ardhini. Mwamba wa namna ile ile ndio unaochuja maji ya kunywa!

Nikawaza. Mimi nilitaka kuwa bomba bila kuwa Chyulu. Nilitaka kutoa maji Mombasa kila siku, na sikuwa na saa hata moja ya kunyeshewa na kunyamaza.

Mpendwa, hili liko katika Neno, ni mimi niliyeliruka. Soma Marko 6:31. Wanafunzi wametoka kwenye huduma, watu ni wengi hata nafasi ya kula hawana, na Yesu mwenyewe ndiye anayewaita waende kando wapumzike. Soma tena Kumbukumbu la Torati 14:22-27. Sisi wachungaji tunapenda sana zaka ya Malaki 3. Lakini hapa Mungu anawaagiza Israeli watenge fungu, wasafiri mpaka mahali alipochagua, wale na wafurahi mbele zake pamoja na watu wa nyumbani mwao. Kisha anasema wasimsahau Mlawi. Mimi Mlawi nilikuwa naukumbuka huo mstari wa Mlawi peke yake. (Najua kuna mtu ataniuliza juu ya kinywaji kilichotajwa mstari wa 26. Wewe njoo mafundisho ya Jumatano.)

Angalia, furaha ile ilitengewa fedha mapema. Israeli hawakukopa ili wafurahi. Ukienda pwani kwa mkopo upige picha, Januari ada ya shule itakukuta umelala chini. Anza na kopo. Na kama kopo lako halifiki Mombasa, Mungu hayuko Mombasa peke yake. Mbuga ya Ol Donyo Sabuk, Kilimambogo yetu, iko kaunti hii hii, na maporomoko ya Fourteen Falls yako karibu nayo. Hata kilima chetu cha Lukenya, ni lini mara ya mwisho ulipanda na watoto wako, ukiwa na chai kwenye chupa na simu ukiwa umeiacha nyumbani?

Sisemi nimekamilika. Mwezi wa pili nilirudia tabia yangu, nikafika nyumbani saa nne za usiku siku tatu mfululizo. Mke wangu hakugomba. Aliniwekea chakula mezani akauliza, "Meli imefika wapi?" Nikaelewa. Sasa hilo ni neno la nyumba yetu, hata kitinda mimba analijua. Na kila Jumatatu simu yangu iko kwa mzee wa kanisa. Ukinitafuta siku hiyo, ataomba nawe yeye, na Mungu atasikia vilevile.

Leo, kabla hujalala, waulize watu wa nyumbani mwako swali moja: "Mnangoja nini kutoka kwangu?" Usijitetee. Sikiliza tu.

Baba, tusamehe sisi tuliobandika jina lako mlangoni tukaacha njaa ndani. Tufundishe kupumzika kwa utiifu. Walinde wote walio barabarani msimu huu, madereva na abiria, waende na kurudi salama. Na yule anayengoja nyumbani kwake, meli yake isichelewe. Katika jina la Yesu.

Kama umeomba nami, andika Amina. Hii ya leo sitaomba mnirudishie.