Pete Niliyoinunua Mara Mbili

Naomba niwasimulie jinsi pete moja ndogo ilivyotaka kuuvunja uchumba wangu, ili kijana anayejiandaa kuoa ajifunze kwa hasara yangu, asingoje yake mwenyewe.

Baada ya wazee wetu kupeleka posa na kukubaliwa, niliona yafaa nimvishe mchumba wangu pete. Katika ukoo wetu desturi hii ni ngeni. Babu yangu alipoposa alitanguliza mbuzi na pombe ya asali, wala hakuna aliyemwuliza habari za vidole. Lakini siku hizi watu huutazama mkono wa msichana hata kanisani, nami sikutaka wenzake wamcheke.

Siku ya mshahara niliingia katika duka moja mjini Nairobi. Muuzaji akanisifia pete yenye jiwe kubwa la kumetameta, akaapa kwamba ni dhahabu tupu. Nilitoa shilingi 9,000 bila kuuliza swali hata moja. Laiti ningalikumbuka maneno ya wahenga: Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Nilimvisha pete ile mbele ya mama yake, naye akanishukuru kwa adabu. Mwezi wa kwanza ukapita vyema. Mwezi wa pili nikaona kidole kitupu, na Jumapili iliyofuata vilevile. Sikuuliza. Nilianza kumdhania mabaya, nikawaza kwamba amepata mwingine mwenye mali kunishinda. Nikapunguza safari za kwenda kwao, hata nikaandika barua ya kuuvunja uchumba, nikaitia mfukoni.

Shangazi yangu aliponiona nimekonda akanidadisi mpaka nikamweleza yote. Akasema, "Mwanangu, hata mwizi husikilizwa kabla ya kufungwa. Wewe umemsikiliza?"

Nikaenda. Mchumba wangu aliingia ndani, akaniletea pete imefungwa katika leso. Rangi ya dhahabu ilikuwa imebanduka, na shaba imejitokeza. Kidoleni mwake mlikuwa na alama ya kijani. Tena pete ilikuwa pana mno. Mara mbili ilimtumbukia katika ndoo ya maziwa, na jiwe lake liliwakwaruza ng'ombe viwele alipowakamua. Akasema kwa sauti ndogo, "Niliona haya kukuambia, kwa maana najua ulijinyima." Kumbe alikuwa akinisitiri, nami nilikuwa nimeihesabu heshima yake kuwa usaliti! Jioni ile ile niliichana barua.

Mwisho wa mwezi tulikwenda pamoja kwa sonara mmoja, mzee mwenye subira. Alitueleza kwamba dhahabu safi ni ya karati 24, nayo ni laini mno kwa mkono wa kazi, hivyo huchanganywa na madini kama shaba na fedha. Pete ya karati 18 ina sehemu 750 za dhahabu katika kila 1,000, na mara nyingi hupigwa chapa ya 750. Ya karati 9 ina sehemu 375, na bei yake ni nafuu. Ile ya kwanza ilikuwa shaba tupu iliyochovywa dhahabu. Akampima kidole kwa pete za kipimo, akatuonya kwamba kidole huvimba wakati wa joto na hunywea wakati wa baridi, kwa hiyo kisipimwe asubuhi ya baridi peke yake.

Mchumba wangu ndiye aliyechagua: pete nyembamba ya karati 9, isiyo na jiwe, yenye chapa ya 375. Sonara akaandika uzito na karati katika risiti. Sikukopa hata senti moja.

Vijana wenzangu, msione aibu kumwuliza mchumba apendavyo, wala kumwomba muuzaji awaonyeshe chapa na kuwapa risiti. Pete ya kwanza niliichagua peke yangu, nikanunua shaba na mashaka. Ya pili tuliichagua wawili, na hata leo mke wangu huamka nayo alfajiri akaenda nayo kukamua.