Kifurushi cha Mama

Neno kifurushi nililifahamu kabla ya simu za mkononi. Nilipokuwa mwanachuo wa ualimu Korogwe, mama alinitumia karanga na unga wa uwele kwa basi kutoka Dodoma, vimefungwa katika kipande cha kanga kuukuu. Ndani ya kifurushi mlikuwa na chakula, na katika fundo lake niliuona mkono wake. Kampuni za simu zilipolichukua neno hilo kuuzia dakika na intaneti, sikulalamika. Lugha iliyo hai huyapa maneno yake ya kale kazi mpya. Uzito wa kazi hiyo mpya niliujua nilipokwenda ugenini.

Mwishoni mwa mwaka 2017, baada ya kustaafu, nilikwenda Muscat, Oman, kukaa na binti yangu aliyekuwa akifanya kazi huko. Mama, aliyekwisha kupita miaka 80, nilimwacha kijijini karibu na Mvumi pamoja na simu yake ya vitufe, ile vijana waiitayo kiswaswadu. Nilidhani umbali una dawa nyepesi: nitanunua laini ya huko, nitapiga.

Laini yangu ya nyumbani ilishika mtandao hata Muscat, ila kuitumia nje ya nchi kulimaliza salio kabla ya salamu kwisha. Mkataba wa kulipa kila mwezi ulidai kitambulisho cha ukazi, nami nilikuwa mgeni tu. Ikabaki laini ya kulipia kabla. Omantel na Ooredoo walikuwa na minara yao. Kando yao walikuwapo FRiENDi na Renna, walionunua huduma kwa wenye minara na kuiuza upya, hasa kwa wageni waliofuata kazi. Rial moja wakati huo ilikaribia shilingi 6,000 za kwetu, na pensheni ya mwalimu haina mbavu pana. Kupiga kwa WhatsApp, njia iliyozoeleka kwingineko, kulikuwa kumefungwa nchini humo. Maandishi na sauti zilizorekodiwa zilipita. Mazungumzo ya ana kwa ana hayakupita.

Nikachagua kifurushi rahisi kuliko vyote, cha intaneti peke yake. Kila Jumapili nilirekodi sauti yangu na kumtumia mpwa wangu mwenye simu janja, naye akamsikilizisha bibi yake. Niliona nimefanya hesabu ya mtu mzima.

Hapa ndipo neno rahisi liliponitega. Katika Kiswahili neno hili hubeba maana mbili: kisicho na bei kubwa, na kisicho na taabu. Kwa miaka mingi niliwafundisha wanafunzi kutambua maana kwa muktadha, nami mwenyewe nikashindwa kuutambua. Kifurushi changu kilikuwa rahisi kwa bei, na rahisi kwangu mimi niliyebonyeza na kusema. Kwa mama hakikuwa rahisi hata kidogo. Baada ya miezi miwili mpwa wangu aliniandikia: “Mjomba, bibi hataki tena kusikiliza. Anasema sauti isiyomngoja ajibu ni ya redio.”

Siku iliyofuata nilikwenda Ruwi, katika duka la mzee mmoja mzaliwa wa Unguja aliyeuza laini na vocha. Nilimweleza kuwa natafuta kifurushi kingine cha bei nafuu. Hakunionyesha orodha. Aliniuliza, “Maalim, huyo umpigiaye ana simu gani?” Nilipomjibu, akatikisa kichwa. “Basi intaneti yote hii haimfiki. Wewe wataka dakika.”

Orodha ya dakika za bei nafuu ilipoletwa, juu kabisa zilikuwa India, Pakistan na Bangladesh. Tanzania haikuwamo, ingenilazimu kulipia kila dakika kwa bei yake kamili. Nikashuka hadi kifurushi kidogo kabisa cha intaneti, nikaacha kutazama taarifa za habari kwa simu, na fedha iliyookolewa nikaigeuza kuwa dakika kumi kwa juma.

Jumapili ile nilipiga saa mbili usiku, saa moja kwao. Nilimwamkia kwa Kigogo, “Mbukwenyi,” naye akaanza kuuliza mmoja mmoja: binti yangu, wajukuu, kazi, mvua ya huku. Akanieleza habari za mbuzi na uwele. Nami nikitazama saa, kama mtunzi anayehesabu mizani na kuona mshororo umemzidi. Dakika nne zilikwenda kwa salamu. Katika ya sita, kwa sauti ileile aliyotumia kueleza habari za mbuzi, akasema kwamba mwezi uliopita alianguka kisimani na mguu bado haujapona.

Mwezi mzima nilikuwa nikimtumia sauti za kumtakia afya njema. Hakuwa na mahali pa kunijibu, na mpwa wangu alikatazwa kunitia hofu.

“Mama, dakika zinakwisha,” nilimwambia mwishoni.

“Zinakwenda wapi?” akauliza.

Kesho yake nilituma fedha ili apelekwe hospitali. Tangu hapo sikupunguza tena salamu. Dakika zikiisha katikati ya habari za mbuzi, tuliendelea nazo Jumapili iliyofuata.

Msomaji unayejiandaa kwenda mbali, linganisha bei, ndiyo. Lakini kabla ya kuuliza kampuni ipi ni nafuu, jiulize aliyebaki nyumbani ameshika simu gani, na atakujibu kwa njia ipi.

Nilirejea Dodoma mwaka 2019. Sasa mpigaji ni binti yangu. Hununua kwanza dakika za bibi yake, kisha intaneti kwa kinachobaki.